Miraba Kumi na Sita

Ugnė, mpwa wangu, alinipa kiwanja:
miraba kumi na sita kwenda juu,
kumi na sita kwenda kando,
na rangi nne, kama mpishi mchoyo agawavyo nyama.
"Humo," akasema, "niwekee mtu mzima. Atembee."
Akapanda treni, akarudi Vilnius.

Mimi ni mlinzi wa usiku
katika karakana ya mabasi ya umeme, Kaunas.
Nina taa moja, birika moja,
kompyuta iliyotupwa na idara ya tiketi,
na saa nane za kulinda mabasi
ambayo hayajawahi kujaribu kutoroka.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa kiazi.
Wa pili, kiazi chenye kofia.
Wa tatu nilimpa vidole, nyusi, vifungo vya koti,
nikamshindilia kama gunia;
nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona doa.
Ugnė akaandika: Futa.
Nikafuta vifungo. Futa.
Nikafuta vidole. Futa tena, mjomba,
jicho ni mraba mmoja,
pua aitafute mtazamaji mwenyewe.

Nani alijua kwamba kuchora ni kufunga saumu?
Kufikia usiku wa kumi na moja
nilishajua uzito wa mraba mmoja:
ushushe begani, mtu amechoka;
upandishe shingoni, amesikia jina lake.

Basi nikatafuta wa kumchora.
Saa kumi alfajiri hupita Genovaitė na ufagio,
akiondoa theluji mbele ya lango.
Koti la kijani, kitambaa chekundu:
rangi mbili hizo, tayari.
Ya tatu uso.
Ya nne giza la pembezoni,
linaloshika vyote visimwagike.

Fremu nne za mwendo.
Mguu huu, katikati, mguu ule, katikati.
Nikaziendesha. Akateleza
kama sabuni kwenye sahani.
Miguu ilitembea, mwenyewe hakuwemo.

Nikazima taa ili nimwone vizuri dirishani.
Kumbe kila kisigino kinapotua
mwili wote huzama kidogo,
na ncha ya kitambaa huchelewa, kisha hufuata,
kama mtoto anayevutwa mkono kutoka dukani.

Mraba mmoja chini.
Kitambaa, fremu moja nyuma.
Nikaziendesha tena, na chai yangu ikapoa,
maana yule mwanamke wa kijani
alikuwa na magoti, alikuwa na uzito,
alikuwa na mahali anakokwenda.

Wa kwenda kushoto nilimfanyia uvivu:
nikampindua tu, kama chapati.

Nikamwita Genovaitė ndani.
Viatu vyake vikadondosha maji sakafuni.
Akainama karibu mno na skrini,
pumzi yake ikaacha ukungu, akaufuta kwa kiwiko.
Nikangoja sifa.

"Huyu wa kwenda kulia ni mimi," alisema.
"Huyu wa kwenda kushoto simjui.
Ufagio mimi nashika kwa mkono wa kushoto,
mwaka wa thelathini na mbili huu.
Mwalimu wa darasa la pili alinichapa kwa rula
ili niuache. Sikuuacha.
Sasa wewe unataka kuniachisha kwa kioo?"

Nimeanza upya. Fremu nne nyingine,
za kushoto peke yake.
Ufagio sasa unapita mbele ya koti,
unakula nusu ya kijani,
mpini unagombana na mkono,
na rangi hazitoshi.
Nimemwandikia Ugnė kumwomba ya tano.

Nje, basi la kwanza linainua pembe zake,
linapapasa waya, linaukosa, linaupata.
Genovaitė ameniachia ufagio mlangoni
niutazame vizuri, akaenda nyumbani bila kuaga.

Ugnė amejibu.
Hapana.