Pembetatu ya Kijani

Ukungu umeimeza Vestfjorden; mlingoti hauioni pua ya boti.
Torbjørg anapangusa kioo cha ramani kwa mkono wa sweta:
mita arobaini za maji, mwamba upande wa kushoto,
na sisi, alama nyeusi, tunatambaa.

Mara, pembetatu ya kijani.
Anaigusa kwa kidole. Jina: Havdis.
Boti ya Eilert, kaka yake,
ambaye tangu mirathi ya baba yao, miaka tisa,
hawajaulizana hali.

Mashine haijui ugomvi. Inapiga hesabu tu:
mtapishana baada ya dakika kumi na moja,
kwa mita sitini.

Anapunguza moto. Dakika sita. Tatu.
Pembetatu inapinda kulia, kidogo.
Kumbe naye huko ana kioo,
ameshasoma jina letu, ambalo ni la mama yao.

Hatukuona kitu.
Tulisikia honi, mlio mrefu, kama sheria ya ukungu inavyotaka,
kisha mwingine, mfupi,
ambao haumo katika sheria yoyote.

Torbjørg akajibu. Mrefu. Mfupi.

Bandarini nikataka kufuta nyayo za safari, kama kawaida.
“Za leo ziache,” akasema,
akaenda kufunga kamba.