Nyuma ya Altare

Leo wameiweka wakfu, Jodok.
Askofu msaidizi kafika kwa sleji, pua nyekundu,
kainyunyizia maji ya baraka,
kamsifu Balthas mtia dhahabu.
Balthas akainama.
Alilipwa mara tatu yako, tena kwa wakati.

Mimi nilizunguka nyuma.
Huko hakuna dhahabu. Huko ni msonobari mtupu,
makovu ya tezo, vifundo vinavyolia utomvu,
na mwandiko wako wa chaki, umeinama
kama mtu aliyebeba ubao peke yake:
*Mwenye kinu, shayiri, magunia manne. Bado.*
*Walburga, viatu. Bado.*
Nikasoma mara mbili, theluji ikiniingia vidoleni.

Ulipotaka kuitwa fundi mkuu
ulitengeneza kabati la mjozi, nguzo za kusokotwa,
miezi saba, ukila kwa mama yangu.
Wazee wa chama wakaja na mishumaa na kiu ya bia,
wakapitisha kucha kwenye kila kiungo.
Saraka tano. Nne ziliteleza kama siagi.
Ya tano, ya chini, ikagoma.
Faini guldeni mbili, na kicheko cha bure.
"Ni mvua," ulisema. "Mbao zinapumua."
Hakuna aliyelinunua. Tukaishi nalo miaka thelathini na mmoja:
mikate juu, nepi katikati,
na mle mgomvi, hati za madeni.

Vitanda vya maarusi, susu, majeneza,
kiti cha kinyozi, mabawa ya malaika:
vyote ulivipigia randa kwa pumzi ileile.
Ulinuka gundi ya ngozi hata Jumapili;
watu walitupisha kwenye benchi, nasi tukakaa kwa nafasi.

Jeneza lako alilitengeneza Kaspar, usiku mmoja.
Alitumia misumari.
Nilimwona. Sikumzuia. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Chama kimenipa hadi Pasaka:
niolewe naye au karakana ifungwe.
Ana miaka ishirini na mitatu,
hunisalimia akiitazama patasi.
Sijajibu.

Usiku huu theluji imegeuka mvua.
Nimeivuta saraka ya chini. Imegoma.
Nimeivuta tena, taratibu, kwa kuinyanyua kidogo kushoto,
vile ulivyonifundisha.
Imegoma.
Basi nimeketi sakafuni, nimeipa mgongo,
viatu vya marehemu mama vikikauka karibu na jiko.