Utabiri kwa Penseli

Nyuma ya daftari la alama naandika msimu ujao.

Njoro watashuka. Kiptui wao amehitimu,
yuko Molo anapima maziwa,
na hakuna wa kuruka
pale yeye alipokuwa akinyoosha mkono tu.

Kakamega wamepata kocha, Bwana Khasandi,
anawakimbiza mvuani hadi viatu viote magugu.
Watatusumbua mpaka Pasaka,
kisha mitihani itawameza.

Eldoret ni mapafu.
Robo tatu utawacheka,
ya nne watakula chako na sahani juu.

Sisi wa Kisumu
penseli inasita.
Mwaka jana niliandika: wa pili.
Tukawa mkia.
Ningejuaje kwamba goti la Adhoch
lingelia kama kuni kavu mbele ya Kisii,
uwanja mzima ukanyamaza?

Jua la saa tisa linachoma benchi la simenti.
Chini ya ringi ya upande wa ziwa kuna ufa:
mpira wa mgeni hudunda pale ukapotea njia.
Sisi tunauruka bila kutazama,
kama mtu na ngazi mbovu ya kwao.
Mtaji wetu ndio huo.

Naandika: wa nne.

Adhoch anaingia na bandeji yake,
anasimama mstari wa adhabu, haruki,
anatupa. Anachechemea kuufuata. Anatupa.
Nahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu:
saba, nane,
tisa imegonga chuma ikazunguka,
ikaingia.

"Umetuweka wapi?" anauliza.

Nafunika ukurasa kwa kiganja,
kwa kile kingine natafuta kifutio.