Shavu la Ghorofa ya Nne

Trieste, Januari. Bora imeshuka toka milimani
na shangazi Ondina anataka picha leo, si kesho,
maana leo, asema, upepo umefagia moshi
na jua litaupiga ukuta ubavuni
saa nne hadi saa nne na dakika ishirini, basi.
Baada ya hapo jiwe linarudi kuwa jiwe.

Kazi yangu ni kushika miguu ya kamera.
Nimechuchumaa kando ya njia, nimeikumbatia
kama anayemshika mbuzi akamuliwe.
Yeye kichwa juu, mdomo wazi,
kuku anayemeza maji.
Wapita njia wameshika kofia;
mmoja akatazama juu, akidhani pana moto.

Miaka thelathini na mmoja alikagua tiketi kwenye basi la bandarini,
akizitazama nyuso zisizomtazama.
Sasa anahesabu nyuso za mawe, mia nne na kumi na mbili,
katika daftari la jalada kijani:
*Simba, pua hana.*
*Bibi wa zabibu, njiwa kamjengea kichwani.*
*Shetani, kapakwa rangi mara mbili, bado anacheka.*
Wazuri hawaandikii mengi.
Mkono wa fundi, asema, utafute kwenye kilema.

Leo ni nyumba ya manjano, juu ya dirisha la ghorofa ya nne.
Kwa macho matupu ni uvimbe tu, kama kiazi.
Akafunga lenzi ndefu,
ile aliyoinunua kwa pesa za meno ya bandia,
akanyamaza.
Kisha: "Njoo."

Mwanamke. Kitambaa kimepita chini ya kidevu,
kifundo utosini,
na shavu la kushoto limefura.
Jino!
Fundi wa watu alimchonga mtu anayeumwa jino,
akampandisha pasipofika jicho la mwenye nyumba,
akashuka ngazi,
akalipwa sawa na aliyechonga malaika.

Tulipanda kubisha hodi.
Bi Zorka Pertot, aproni, mikono ya unga.
Miaka arobaini na mitatu kwenye dirisha lile,
na kila akianika hutazama chini,
soksi zisije zikaruka.
Akaishika kamera kwa ncha za vidole.
Hakusema ni nzuri. Akauliza:
"Nani alimfunga? Kifundo kama hiki
mtu hajifungi mwenyewe."
Shangazi akafungua daftari, kalamu mkononi,
asijue aandike nini.

Basi Bi Zorka akafungua dirisha.
Upepo ukaingia kama mdai.
Tukamshika kiuno, mimi huku, shangazi kule,
naye akajipinda nje kinyumenyume,
uso mbinguni, nywele zote zimesimama.
Saa nne na nusu. Kivuli kilishapita.

"Kidevu!" akapiga kelele. "Naona kidevu tu!"
na bora ikachukua vibanio vyote vya nguo,
kimoja kimoja,
hadi barabarani.