Kigoda cha Orofa ya Saba

Mkutano wa mwaka jana walikuwa kumi na mmoja.
Nyumba mia mbili na kumi na mbili, watu kumi na mmoja,
na watatu kati yao walifuata keki.
Mimi sikuwapo. Nimesimuliwa.
Miaka kumi na tisa ndani ya jengo hili la Gdańsk,
refu kama treni iliyosahau kituo chake,
na sijawahi kutia mguu kwenye mkutano wa ushirika wa nyumba.
Barua zao nilifutia madirisha.
Ada nililipa. Basi.

Baridi hii ndipo Bogumiła alipoanza kubisha.
Dereva wa tramu mstaafu, mlango namba sita,
goti moja bovu, soksi za sufu juu ya soksi za sufu,
mkononi daftari la hesabu la mjukuu wake.
Lifti ilikuwa imekufa tangu Jumanne.
Alipanda kwa mguu, orofa kwa orofa,
nikamsikia akihema nyuma ya mlango wangu
kabla hajabisha.

Siku ya kwanza nilizima redio, nikajifanya sipo.
Ya pili nilimjibu kupitia tundu la ufunguo:
"Sina muda wa siasa, bibi."
Ya tatu hakutaja mkutano.
Aliuliza, "Bomba lako linalia saa ngapi?"

Nikafungua.

Kwa sababu linalia, jamani.
Saa tisa na dakika kumi usiku,
kilio chembamba, kama cha mbwa aliyefungiwa nje,
na tangu Halina aondoke
hakuna aliyewahi kuniuliza ninasikia nini.
Akaandika: saa tisa na dakika kumi, mbwa.
Akauliza, mbwa wa aina gani?
Tukacheka pale mlangoni,
mvuke ukitutoka vinywani kama wavuta sigara.
Sikumwahidi kitu.

Wasemao penye wengi hapaharibiki neno
hawajauona ukumbi wa shule ya chekechea, Alhamisi, theluji nje,
watu tisini na wanne ndani ya makoti yanayochuruzika.
Penye wengi pana mengi.
Zdzisław wa orofa ya pili alikuja kupinga.
Kupinga nini, bado hakujua.
Solomiya alimtafsiria mama yake kwa mnong'ono, Kipolandi kuwa Kiukraine,
akichelewa sentensi moja kila mara.
Kijana mwenye hereni alifuata baiskeli yake iliyoibwa.
Mwenyekiti akahesabu viti, akahesabu watu,
akahesabu viti tena.

Nilisimama nyuma. Kisha nikatoka.
Sikukimbia: nilikwenda kuleta kigoda,
kile cha jikoni, cha Halina, chenye mguu uliofungwa waya.

Bogumiła hakuhutubia.
Alivaa miwani, akasoma daftari bila kutaja majina.
Saa kumi na mbili alfajiri mtoto analia, mama yake pia.
Kuvu nyeusi nyuma ya kabati, umbo la buti.
Ufunguo wa chumba cha kuanikia nguo, nani anao? Tangu lini?
Mtu mmoja anaogopa korido baada ya saa mbili.
Na kila mstari ulipopita, kichwa fulani kiliinama:
hilo ni langu.

Nikamngojea mbwa wangu.
Ukurasa wa kumi na saba, akabweka,
na safu nzima, wa juu yangu na wa chini yangu,
wakainua mikono: "Hata kwangu!"
Miaka kumi na tisa nilidhani analia kwangu tu.

Kura ya mabomba tulishindwa. Kwa kura mbili.
Zdzisław alipata cha kupinga.
Lifti wataitazama Machi.
"Machi ya mwaka gani?" akauliza kijana mwenye hereni,
na swali likaandikwa kwenye kumbukumbu.

Kigoda nilikisahau ukumbini.
Hapana, niseme kweli: nilikiacha.

Usiku wa leo, saa tisa na dakika kumi, mbwa amelia,
na juu ya dari yangu mtu amegonga bomba kwa kijiko,
mara mbili, taratibu,
kama anayebisha hodi.
Nimeamka. Natafuta kijiko.