Kinyozi na Vioo Viwili

Wanasema kinyozi hajinyoi.
Waliosema hawakupita stendi ya Newala saa moja asubuhi
wakamwona Mchopa kabla hajapata mteja,
kioo kimoja ukutani, kingine mikononi mwa Ajuta, mwanawe,
wembe unapanda kisogoni polepole
na mtoto anaambiwa: inua. Shusha. Usicheke.

Kazi yangu iko ng'ambo ya barabara,
chumba cha nyuma, ofisi ya ushirika,
dirisha limezibwa nailoni, ukungu usiingie.
Humo inakaa seva.
Kila Jumatano usiku hugawa viraka
kwa kompyuta thelathini na nane za maghala:
Kitangari, Mahuta, Mkoma, Nanyamba,
na ile ya Mnyambe ambayo kuku alitaga juu yake
(sitii chumvi, karani aliniletea yai).
Inajua nani ana pengo, nani kachelewa,
nani kachomolewa na mtu aliyetaka kuchaji simu.

Yenyewe haimo kwenye orodha.

Miaka miwili na miezi mitatu
fundi anashona nguo za watu, kaptula yake imepasuka nyuma.
Niligundua Novemba, msimu umepamba moto,
magunia hadi barazani, wakulima wanauliza malipo.
Nikalitafuta jina lake mara mbili,
kama karani aliyehesabu magunia yote
akasahau alilolikalia.

Hokororo, mkubwa wangu, akasema: iache.
Mganga hajigangi, Somoe. Ikifa, Ijumaa tutawalipa watu kwa nini?
Nikasema: ikiachwa ndiyo itakufa,
na itachagua Ijumaa.
Akatazama viatu vyake.
Akasema: baada ya mnada.

Basi, baada ya mnada.
Nakala kwanza, diski mbili.
Moja kabatini; nyingine nikaiviringisha kwenye kanga
nikampa Bi Fadina, mhasibu,
akailaza kati ya vitabu vya stakabadhi
akauliza kama inakula.
Kisha nikaiandikisha.
Palipoulizwa itachukua wapi masasisho yake
nikaandika anwani yake yenyewe.
Nikaiweka kundi la peke yake, mwisho wa foleni:
wagonjwa wapone kwanza ndipo mganga anywe dawa,
na asinywe mimi nikiwa sipo.

Saa sita na dakika kumi usiku. Jenereta linakohoa.
Nikabonyeza.

Ikajipigia hodi. Ikajikaribisha.
Ikatoa viraka mkono wa kulia, ikapokea kwa wa kushoto,
asilimia arobaini,
sitini na moja,
sitini na moja,
sitini na moja,
ikajizima.

Hapo nikaielewa methali.
Si kwamba mkono wa kinyozi haufiki.
Ni kwamba ipo dakika ambayo wembe uko kisogoni
na macho hayapo.
Taa zote nyeusi. Anayewatazama wote
hatazamwi na yeyote
ila mwanamke mmoja ndani ya sweta la mumewe,
anahesabu pumzi za kitu kisichopumua.
Nikaiita kwa kompyuta ndogo ya mapajani.
Kimya.
Nikaiita.
Nikakumbuka yai la Mnyambe, sijui kwa nini.
Nikaiita.

Dakika ya tano feni ikaguna.
Ikaamka, ikawatafuta watu wake mmoja mmoja,
thelathini na nane,
na wa thelathini na tisa, mgeni,
mbele ya jina lake neno moja: sawa.

Asubuhi nikaandika hatua zote kwenye karatasi,
kumi na moja, Kiswahili cha mtu mwenye haraka,
na nywila chini kabisa.
Nikafunga bahasha, nikampa Bi Fadina ailaze na ile diski.
Maana nami nina kisogo.

Kisha nikavuka barabara kununua vitumbua.
Mchopa alikuwa katikati ya shingo yake.
Ajuta ameshika kioo kwa mikono miwili,
mikono imeanza kuchoka, kioo kinatetemeka,
na babake anangoja, wembe hewani,
kitulie.