Bado Sijawasha

Mashine ile, watu wa Mafinga
wameipa jina la mlio wake: dingidongi.
Jina zuri, kama la kengele ya shule.
Lisikie miaka kumi na minne, uje uniambie.

Mume wangu Yudatadei ndiye anayelisha magogo.
Vidole vyake vyote kumi vipo.
Kila jioni nilivihesabu
kama mtu anavyohesabu vifaranga mwewe akipita.
Masikio sikuwahi kuyahesabu.
Yalikuwa mawili. Yapo mawili.

Mvua ndiyo ilianza kumtoroka.
Mwezi wa tatu, bati linataka kung'oka,
naye ananiuliza mbona leo kumetulia.
Kisha herufi, zile nyembamba.
Nikisema "fua," anasikia "mvua,"
anatoka nje kutazama mbingu.
Majirani wanasema ameota kiburi,
unampa kamwene njiani, anapita tu
na vumbi la msonobari kwenye kope.

Alikuwa akichomoa pamba kwenye godoro letu,
anaisokota, anaziba.
Tajiri alisema vya kuzibia vitanunuliwa
mzigo wa Dodoma ukilipwa.
Mzigo ulilipwa.
Ukaenda mwingine, ukalipwa.
Godoro limebaki na shimo upande wake.

Hospitali walimvika vidude vyeusi masikioni.
"Ukisikia filimbi, baba, nyoosha mkono."
Akanyoosha.
Nesi akamtazama, akanitazama mimi.
"Baba, bado sijawasha."
Mkono ukabaki juu,
kama wa mtoto anayejua jibu
na mwalimu hataki kumwita.

Tangu siku hiyo najua hatulali wawili.
Kuna kitu kinapiga mluzi kati ya mito yetu,
na mimi sikisikii.

Nyumbani hatuna siri tena.
Deni la mbolea nalisema kwa kupaza, mtaa mzima unajua.
Kuna maneno mengine, ya usiku,
hayo siwezi kuyapigia kelele.
Yamekaa hapa kooni,
yanazeeka.

Alhamisi niliwapelekea ugali na maharage shambani.
Nilipofika kwenye kitalu cha tatu
dizeli ikaisha.
Dingidongi ikakohoa, ikanyamaza.
Kimya kikashuka juu ya misonobari kama ukungu wa Mufindi,
nikasikia hata mfuniko wa sufuria yangu ukitetemeka.

Wanaume wanane waliendelea kupiga kelele.
Luvinga anamfokea Mgaya habari za kamba,
Mgaya anamfokea Luvinga habari za mke wa mtu,
mishipa ya shingo imewasimama,
uso kwa uso, hatua moja kati yao,
ndani ya kimya kile.

Ni Gaudensi tu, mwanangu,
mwenye wiki mbili kazini,
aliyeshusha sauti.